Familia ya Katiba na Familia ya Fomu: Mzee wa Kando ya Ziwa Huhesabiwa Wapi?

Wahenga walinena kwamba sungura akizeeka hunyonya kwa wanawe. Methali hii tuliikariri tangu shule ya msingi, tukaitolea mifano na kuitungia insha. Sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningeiona ikikanushwa na karatasi.

Siku yenyewe ilikuwa wiki chache baada ya tarehe 1 Oktoba 2024, tarehe ambayo bima mpya ya afya ilianza kutumika nchini Kenya. Nilikuwa nimemsindikiza mama yangu kujisajili katika kituo kimoja cha afya mjini Kisumu. Karani, kijana mpole, alimwomba awataje wategemezi wake. Mama akawataja ndugu zangu wawili walio shuleni, kisha akamtaja mama yake mzazi, nyanya yetu wa Seme, ambaye ana umri wa miaka 78 na ambaye chakula, dawa na hata sabuni yake hutoka katika mkoba wa mama. Karani akatabasamu.

"Mama, huyo hawezi kuingia hapa. Hapa ni mume na watoto. Nyanya atajisajili mwenyewe."

"Mwanangu," mama akamjibu, "anayekula kwangu kila siku ndiye asiyenitegemea?"

Karani hakuwa na kosa. Fomu ilikuwa imekwisha kumjibia. Lakini swali la mama lilinifuata hadi chuoni, na ndilo linalonifanya niandike makala haya. Kwa mwanafunzi wa lugha, hili ni swali la semantiki: neno mtegemezi lina maana gani? Kwa mama yangu ni swali la shilingi na senti. Hoja yangu ni kwamba maswali haya mawili ni moja. Taifa letu lina fasili mbili za familia. Katika Katiba, familia inamjumuisha mzee ili ibebe mzigo wa kumtunza. Katika fomu za bima na za kodi, familia inamwacha mzee nje pindi unafuu unapogawanywa. Pengo lililo baina ya fasili hizi mbili lina gharama, na wanaoilipa ni mabinti, wakaza wana na wajukuu wa vijiji vya kando ya ziwa.

Neno na Mnyambuliko Wake

Tuanze na kazi yetu ya darasani. Mtegemezi ni nomino inayotokana na kitenzi tegemea: yule ambaye uzito wake umeegemea kwa mwingine. Katika mzizi wa neno hili hamna umri. Mtoto mchanga hutegemea, mgonjwa hutegemea, na ajuza asiyeweza kuteka maji hutegemea vilevile. Anayesema kwamba mtegemezi ni mtoto peke yake amelipunguza neno pasi na idhini ya wasemaji wake.

Tutazame pia neno aila, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu. Katika lugha hiyo, neno hili lina uhusiano na kitenzi chenye maana ya kukimu, yaani kuwapa watu chakula na mahitaji yao. Kwa hivyo aila, kwa asili yake, ni wale ambao mtu huwakimu. Ukimkimu mama yako, yeye ni aila yako.

Lugha ya Kijaluo nayo ina ushahidi wake. Dala, boma la Mjaluo, halikuwa la mume, mke na watoto tu. Wazee walikuwa na mahali pao na wajibu wao. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka mwaka 1989, walimweleza kwa kina pim, bibi mzee aliyelala na watoto katika nyumba iliyoitwa siwindhe, akiwalea na kuwafunza historia, adabu na siri za maisha. Pim alikuwa tegemeo na mtegemezi kwa wakati mmoja: alilishwa na boma, naye akalilea boma. Huo ulikuwa mfumo wa utunzaji wa wazee kabla ya mtu yeyote kuuita kwa jina hilo, na gharama yake ilibebwa na boma zima.

Leo siwindhe haipo, na boma limepungua watu. Vijana wako Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Katika eneo hili la ziwa, ambalo ukimwi ulilipiga kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya, wazee wengi waliwazika wana wao na kubaki na wajukuu. Wapo basi wazee ambao sheria inawafikiria kama watu wanaosubiri kutunzwa, ilhali wao wenyewe ndio wanaotunza. Wamekuwa pim tena, mara hii bila boma la kuwalisha.

Bei ya Nyumba ya Wazee na Bei ya Nyumbani

Mjadala wa wazee unapozuka katika kumbi zetu, aghalabu huelekea upande mmoja: je, nyumba za wazee ni utamaduni wetu? Mmoja atasema ni aibu kumpeleka mzazi kwa wageni. Mwingine atajibu kwamba aibu kubwa zaidi ni kumwacha mzazi peke yake nyumbani. Kisha watu hupiga makofi na kwenda zao.

Mjadala huo unasahau bei. Nyumba za wazee nchini ni chache mno. Zile za kidini, mathalani Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, inayoendeshwa na watawa wa Kikatoliki, hutegemea sadaka na hisani na haziwezi kumpokea kila mhitaji. Zile za kibinafsi hutoza makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi. Kwa mwalimu wa shule ya msingi au mwuza samaki wa Dunga, bei hiyo imekwisha kuamua suala la utamaduni kabla ya kikao cha ukoo kuitishwa.

Hata nchi tajiri hazijakwepa bei hii. Nchini Uingereza, katika eneo la England, mtu mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hugharamia utunzaji wake mwenyewe, na wapo waliouza nyumba zao ili walipie vitanda katika nyumba za wazee. Nchi hiyo ilipopungukiwa na watunzaji, mnamo Februari 2022 iliwafungulia mlango wafanyakazi wa kigeni wa kazi hiyo, kisha mnamo Julai 2025 ikawafungia wapya. Katika miaka ile mitatu Wakenya walikuwa miongoni mwa waliokwenda. Ndipo likazuka jambo ambalo mwandishi wa tamthilia angelitunga akaambiwa ametia chumvi: binti wa Kisumu anamlisha uji mzee wa Leeds, ili apate pesa za kumlipa msichana wa kumlisha uji mama yake aliyebaki Seme.

Lakini je, kumtunza mzee nyumbani ni bure? La hasha. Kuna dawa za shinikizo la damu na za kisukari kila mwezi. Kuna nauli ya pikipiki hadi zahanati, na kutoka huko hadi Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wa Kisumu bado huiita Russia. Kuna mshahara wa msaidizi wa nyumbani, au, pasipo na msaidizi, kuna binti aliyeacha kibanda chake cha mboga sokoni Kibuye ili amwoshe mama yake asubuhi na jioni. Pato ambalo binti huyu analikosa haliandikwi katika daftari lolote. Huitwa mapenzi, na kwa kuwa ni mapenzi, hakuna anayelipigia hesabu.

Basi kila familia ya kando ya ziwa yenye mzee asiyejiweza tayari inaendesha nyumba ya wazee. Ina mkaaji mmoja, haina leseni wala ruzuku, na bili yake hulipwa na yeyote aliye na simu yenye salio.

Katiba Ilisema Nini

Katiba ya mwaka 2010 haikuwasahau wazee. Kifungu cha 57 kinaitaka Dola ihakikishe kwamba wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia zao na kwa Dola. Msomaji azingatie kiunganishi "na" kilichopo baina ya familia na Dola. Waandishi wa Katiba hawakuandika "au". Mzigo una wachukuzi wawili.

Na mzee ni nani? Kifungu cha 260 kinamtaja kuwa mtu aliyepita umri wa miaka 60. Hata hivyo, msamaha wa kodi kwa pensheni ya kila mwezi uliwekwa kuanzia miaka 65, na fedha za Inua Jamii hutolewa kuanzia miaka 70. Mtu huwa mzee kwa Katiba, akangoja miaka kumi kuwa mzee kwa malipo.

Eneo letu lina nafasi ya pekee katika historia ya malipo hayo. Mpango wa kuwapa wazee maskini fedha ulipojaribiwa katika mwaka wa fedha wa 2006/2007, mojawapo ya wilaya tatu za majaribio ilikuwa Nyando, ambayo leo ni sehemu ya Kaunti ya Kisumu. Wazee wa tambarare ile ya mafuriko na mpunga walikuwa wa kwanza nchini kuonyesha kwamba bibi akipewa fedha mkononi hanunui anasa: hununua unga, dawa na sare ya mjukuu. Mwaka 2018 mpango ulipanuliwa ili kumfikia kila aliyetimiza miaka 70, awe maskini au la, isipokuwa wale wanaolipwa pensheni. Kiwango chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Tugawe kwa siku 30: ni shilingi 66 na senti kadhaa kwa siku.

Sitaki nieleweke vibaya. Shilingi hizo si kidogo kwa asiye na kitu, na nyanya yangu huzisubiri kwa hamu. Lakini tuzitazame zikikutana na karatasi ile ya bima.

Hesabu ya Bibi na Hesabu ya Karani

Chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiyeajiriwa hukadiriwa kulingana na hali yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Huduma za msingi katika zahanati zina hazina yake tofauti na hazihitaji mchango. Lakini mzee akihitaji kulazwa hospitalini, mchango huo sharti uwe umelipwa.

Sasa tufanye hesabu. Bibi asiye na kipato kingine ila Inua Jamii hupata shilingi 24,000 kwa mwaka. Akilipa shilingi 3,600, ametoa asilimia 15 ya pato lake lote. Karani anayepata mshahara wa shilingi 24,000 kwa mwezi hutoa asilimia 2.75 kwa bima iyo hiyo. Kuhusu kodi ya mapato, karani huyo hutozwa asilimia 10, ambayo ni shilingi 2,400. Kisha hupewa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400, hivyo hubaki bila deni. Ni haki yake, wala simwonei kijicho. Ninachouliza ni hiki: imekuwaje anayepata elfu 24 kwa mwezi akapewa nafuu, na anayepata elfu 24 kwa mwaka akaombwa asilimia 15?

Naam, sheria inaipa Serikali nafasi ya kuwalipia wasiojiweza, na mwaka 2025 Serikali ilitangaza mpango wa kuwalipia baadhi yao. Ni hatua njema inayostahili pongezi. Hata hivyo, mzee aliyelipiwa kwa sababu ameteuliwa katika orodha ya mafukara bado hajahesabiwa kwa umri wake. Leo yumo, kesho orodha ikipitiwa upya huenda asiwemo.

Na iwapo bibi hakuteuliwa, nani atalipa 3,600 hizo? Ni mama yangu. Ambaye tayari anakatwa bima yake. Ambaye fomu ilimwambia kwamba mama yake si mtegemezi.

Nafuu Huenda kwa Nani?

Tukigeukia kodi, tunakuta picha ile ile. Sheria ya Kodi ya Mapato imewatazama wazee kwa jicho la huruma, lakini ni wazee wa aina moja. Pensheni ya kila mwezi ya aliyetimiza miaka 65 ilisamehewa kodi, na tangu tarehe 27 Desemba 2024 msamaha huo umepanuliwa kwa pensheni za wote wanaofikisha umri wa kustaafu. Mwalimu mstaafu wa Maseno na afisa mstaafu wa serikali pale Milimani wamepata afueni, na waliitumikia nchi.

Lakini wazee wengi wa kando ya ziwa hawakuwahi kuwa na pensheni ya kusamehewa. Mwuza omena wa Usenge hakuwa na mwajiri. Mkata miwa wa Miwani na fundi wa kiwanda cha nguo cha Kicomi walikuwa na waajiri, lakini viwanda vilifungwa. NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965, ilikuwa ya akiba iliyolipwa kwa mkupuo. Mchango wa mfanyakazi haukuzidi shilingi 200 kwa mwezi hadi Februari 2023. Mkupuo huo uliezekea nyumba bati, ukamlipia mtoto karo, ukaisha. Msamaha wa kodi kwa mtu asiye na pensheni ni sawa na mwavuli aliopewa mtu wakati wa kiangazi.

Hapa ndipo unafuu ungepaswa kumwendea anayebeba gharama, yaani mwana au binti anayefanya kazi. Sheria inasemaje? Nafuu ya kibinafsi ni ile ile kwa kijana asiye na jukumu lolote na kwa mama anayewatunza wazazi wanne, wake na wa mumewe. Ipo pia nafuu ya bima: mlipa kodi hurudishiwa asilimia 15 ya ada anayolipa, isizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Bima hiyo ni yake mwenyewe, ya mwenzi wake na ya mtoto wake. Mzazi hayumo. Kwa mara nyingine, Katiba inamwambia mama "mtunze", na fomu inamwuliza "huyo ni nani?"

Wapo waliolitatua jambo hili. Nchini Singapore, anayemtunza mzazi anayeishi naye hupunguziwa dola 9,000 za nchi hiyo katika pato linalotozwa kodi, na dola 5,500 iwapo mzazi anaishi kwingine. Ndugu wanaosaidiana wanaweza kuugawana unafuu huo. Nchini India, anayelipia bima ya afya ya mzazi mzee huweza kuondoa hadi rupia 50,000 katika pato linalotozwa kodi. Karibu na nyumbani, Zanzibar ilianza mnamo Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, ambayo baadaye ilipandishwa hadi 50,000. Na Serikali yake huwahifadhi wasio na jamaa katika makao ya Sebleni na Welezo. Nchi hizi hazilingani kwa utajiri wala kwa desturi. Zinalingana katika jambo moja: zimemwandika mzee katika fomu.

Mapingamizi

Najua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba Wakenya wengi hawamo katika ajira rasmi, kwa hivyo nafuu ya kodi ya mapato haiwafikii. Ni kweli, na ndiyo sababu sipendekezi nafuu ya aina moja. Mwuza samaki halipi kodi ya mshahara, lakini hulipa ushuru wa soko kila siku anapoketi sokoni, na familia yake hulipa bima. Nafuu yake itafutwe hapo.

Pili, kwamba watu watadanganya: ndugu watano watamwandika mama mmoja. Jawabu ni kugawana, kama wafanyavyo Singapore. Mzee ana nambari moja ya kitambulisho, na kila aliye katika Inua Jamii yumo katika orodha ya Serikali. Orodha inayotosha kumlipa inatosha pia kumtambua.

Tatu, kwamba hazina haina fedha. Hoja hii ni nzito, na nchi yetu ina madeni mengi. Lakini gharama ya kutofanya chochote ipo pia. Binti aliyeacha biashara ili kumtunza mama yake hana pato, na asiye na pato halipi kodi.

Liko pingamizi la nne, nalo linatoka kwetu wenyewe. Tunailaumu Serikali, je, sisi tumefanya nini? Katika ukoo wetu, kundi la WhatsApp la kuchangia dawa za nyanya lina watu sita wanaotoa. Kundi la mazishi ya babu yetu mdogo, mwaka 2023, lilikuwa na zaidi ya watu mia moja, na ndani ya siku tisa tulinunua jeneza, tukakodi hema na kuchinja ng'ombe watatu. Babu huyo alikuwa amekaa miezi minne bila kiti cha magurudumu. Nami nilikuwa miongoni mwa mia ile, na sikuwa miongoni mwa wale sita. Hakuna sheria itakayotuponya maradhi haya. Twajua kumheshimu maiti kuliko kumheshimu mgonjwa.

Yanayowezekana

Napendekeza mambo manne. Mosi, Bunge lirekebishe fasili ya mtegemezi katika sheria ya bima ya afya na katika nafuu ya bima ya kodi ya mapato, ili mzazi anayetunzwa aandikwe, na nafuu yake igawanywe baina ya ndugu wanaochangia.

Pili, kila anayetimiza miaka 70 na kuingia Inua Jamii alipiwe bima moja kwa moja na Serikali bila kuthibitisha ufukara wake. Isiwe kwamba mkono wa kulia unampa elfu mbili na wa kushoto unamdai mia tatu.

Tatu, kaunti za ziwa, yaani Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia, zitumie mamlaka yao. Kifungu cha 209 cha Katiba kimezipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo. Mabunge yao yanaweza kupitisha sheria ya kumpunguzia kodi hiyo mzee anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, kwa nyumba moja na kwa kikomo cha thamani ili matajiri wasijifiche humo. Na kumwondolea ushuru wa soko bibi wa miaka 70 anayeuza omena kwa mkebe. Nasema sheria kwa makusudi, kwa kuwa Kifungu cha 210 hakiruhusu kodi kusamehewa ila kwa mujibu wa sheria. Ahadi ya jukwaani haitoshi.

Nne, kabla ya kujenga nyumba za wazee zenye vitanda ambavyo hatutamudu, tuanze na mahali pa mchana katika kila wadi: ukumbi wenye kivuli, maji na muuguzi, ambapo mzee atashinda na wenzake huku binti yake akienda sokoni. Wahudumu wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023 tayari hutembea nyumba hadi nyumba. Wanawajua wazee walipo. Na kama wanafunzi wa shule jirani watapita hapo jioni kusikiliza simulizi, tutakuwa tumeirudisha siwindhe kwa sura mpya.

Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Msomaji atauliza: haya yote yanahusiana vipi na chama cha Kiswahili? Yanahusiana sana. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Fasili za sheria ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya mahakama. Anayefasiri neno moja kwa wembamba anaweza kumwondoa bibi katika bima bila kupandisha sauti. Sisi tunaotumia mihula mizima kubishana kuhusu istilahi, na ni vyema tubishane, tuipeleke taaluma hiyo mahali inapohitajika. Tuziandike fomu hizi kwa Kiswahili kinachoeleweka na kwa Kijaluo. Wakati wa likizo tuketi na wazee katika vituo vya malipo, tuwasomee na kuwajazia. Bunge linapotangaza ushirikishaji wa umma kuhusu sheria za fedha, chama chetu kipeleke waraka wa ukurasa mmoja wenye neno moja lililofasiriwa ipasavyo: mtegemezi.

Nyanya alijisajili mwenyewe hatimaye. Ilimbidi apande pikipiki, kisha matatu, kisha apange foleni, na vidole vyake vilivyolimika kwa jembe vikakataa kusomwa na mashine mara tatu. Alipoulizwa na karani idadi ya watu wa nyumba yake, alifikiri kidogo, akaanza kuhesabu kwa vidole hivyo hivyo: mama yangu, wajomba, sisi wajukuu, na wale vitukuu wawili anaowalea. Karani akaandika: mmoja.